Anti, baba kaigandia TV mpaka pua inagusa kioo

Anti shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, leo nimeamua maana nyumbani pameshakuwa na kero na sjui nianzie wapi.

Nakaa Tanga, Makorora, na baba yangu mzazi, ana miaka 74, alistaafu bandarini. Mama alishatangulia mbele za haki kwa hiyo nyumbani tupo mimi, mume wangu, watoto watatu na mzee. Baba starehe yake ni moja tu, TV. Taarifa ya habari ya saa mbili haimpiti, mpira ndo usiseme, ye ni Coastal Union damu damu, ukimkalia vibaya atakusimulia ubingwa wa 1988 mechi kwa mechi.

Sasa macho yamekuwa tabu. Mwanzo ilikuwa mtoto wa jicho, mwaka juzi akafanyiwa upasuaji macho yote mawili akawekewa lenzi, akaona vizuri miezi kadhaa, alafu ikaanza tena. Anasema akimwangalia mtu usoni sura inapotea, anaona masikio na mabega ila katikati kama kuna moshi. Tukamrudisha hospitali, daktari akapima akasema huko nyuma ya jicho kumechakaa kwa sababu ya umri, anaona 6/60, miwani haiwezi kumsaidia, mpelekeni tu nyumbani. Hivo hivo, mpelekeni nyumbani. Tangu siku ile baba hataki kusikia habari za hospitali.

TV yetu ni inchi 32, iko juu ukutani, na makochi yapo ukuta wa pili, kama mita tatu hivi. Mzee kwenye kochi haoni kitu. Kwa hiyo anachukua kigoda cha jikoni anakwenda kukaa chini ya TV kabisa, shingo juu kama kuku anayekunywa maji, anatuziba wote. Watoto wanapiga kelele babu tunaomba usogee, mume wangu kanyamaza ila namwona kabisa amekereka. Juzi nikamwambia mwenyewe, baba utayamaliza na hayo macho yaliyobaki kwa kuigandia TV namna hiyo. Hakujibu. Akarudisha kigoda jikoni akaenda zake chumbani, leo siku ya nne hajakaa sebuleni, anasikiliza redio peke yake na taa kazima.

Sasa kaka yangu yuko Muscat, kaona mtandaoni miwani ya kuangalizia TV, ina vidude kama darubini, anataka anunue atutumie. Mume wangu anasema bora tununue TV ya inchi 55 yaishe. Na kuna jamaa mjini anauza plastiki ngumu unaiweka mbele ya TV inakuza picha. Hela yenyewe ndo hiyo hiyo moja Anti, vyote hatuwezi. Tununue kipi?

Na kuna lingine naona aibu hata kuliandika. Baba kamwambia mwanangu mkubwa kwamba jioni anaona maua ukutani, na watu wadogo wadogo wamevaa kanzu wanapita, hawaongei. Jirani anasema hayo ni majini, tumtafutie mtu wa kumwangalia. Nisaidie.

Binti wa Makorora

*

Marahaba mwanangu, karibu.

Naanza na kigoda maana ndo kimenikaa rohoni kuliko hiyo miwani. Ulichomwambia baba si kweli. Sikulaumu, sote tumekuzwa tukiambiwa toka hapo kwenye TV utapofuka, na mi mwenyewe nimewaambia wangu, ila kukaa karibu na TV hakumalizi macho, ya mtoto wala ya mzee wala yaliyokwisha kuchakaa. Yatachoka, yatakauka kidogo maana mtu akikodoa anasahau kupepesa, kichwa kinaweza kumuuma, akilala asubuhi yamekwisha. Ugonjwa wa baba uko kwenye retina, ile ngozi ya ndani nyuma kabisa ya jicho inayopokea picha, na wenyewe wala haujui kama kakaa mita tatu au shubiri moja. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma nenda kamgongee mlango, umwombe radhi, mwambie Anti kasema ulikosea. Nakusubiri.

Haya. Sasa nikwambie, mzee pale kwenye kigoda alikuwa anafanya kitu kile kile ambacho mtaalamu wa uoni hafifu, yaani macho ambayo miwani ya kawaida haiyasaidii tena, angemwambia afanye. Picha ukiisogelea nusu ya umbali inakuwa kubwa mara mbili ndani ya jicho. Yaani akitoka mita tatu akaja mita moja na nusu, mtangazaji kaongezeka mara mbili. Akija sentimita 75, mara nne. Bila kulipa hata mia. Na hiyo 6/60 waliyokutajia maana yake herufi ambayo mwenye macho mazima anaiona akiwa mita 60, baba mpaka awe mita 6 ndo aione, kwa hiyo mtu wa namna hiyo kwenye kochi mita tatu na TV ya inchi 32 mlikuwa mnamwonea tu, pale anaona rangi zinapita.

Ukishaielewa hiyo hesabu, maswali yako ya kununua yanajijibu yenyewe. TV ya inchi 32 upana wake ni sentimita 71, ya inchi 55 ni kama 122. Gawanya, unapata mara 1.7. Yaani mume wako atoe hela zote hizo apate ukuzaji mdogo kuliko wa kusogeza kiti mita moja na nusu! Sisemi msinunue, kama mnataka TV kubwa nunueni kwa raha zenu, ila msiseme ni dawa ya baba.

Miwani ya kaka yako naijua. Ile ya Eschenbach wa Ujerumani inaitwa MaxTV, na wa kuiga wamejaa. Ni darubini mbili ndogo kwenye fremu ya miwani, nyepesi, kila jicho lina gurudumu lake unazungusha mpaka picha ikae sawa, na inakuza kama mara mbili na kidogo. Si utapeli, kuna watu inawafaa sana. Lakini angalia hiyo mara mbili. Ukivaa miwani hiyo ukakaa mita tatu, ni karibu sawa na kukaa mita moja na nusu bila miwani. Kwa hiyo jaribio halina gharama, mweke baba mita moja na nusu, kama bado hamwoni mtangazaji basi na miwani akiivaa kochini hatomwona, na kaka yako kaokoa riali zake. Kama mita moja na nusu anaona vizuri, hapo miwani ina kazi, hasa siku mna wageni na hataki kukaa mbele ya watu, au harusini anataka kumwona bibi harusi kule jukwaani. Ila atakuwa anaona kama anachungulia kwenye bomba, pembeni hakuna kitu, na ni marufuku kunyanyuka nayo maana kila kitu kinaonekana kiko karibu kuliko kilivyo, ataparamia meza. Avae akiwa amekaa, avue ndo anyanyuke.

Ile plastiki ya mjini achana nayo. Ina mistari mistari ya duara kama sahani ya santuri, inakuza kweli kidogo, lakini inafifisha rangi, inarudisha mwanga wa dirisha, na anayefaidi ni aliyekaa katikati tu, walio pembeni wote wanaona mtangazaji kapinda mdomo. Mtu ambaye shida yake ni ukungu unamwongezea ukungu mwingine wa nini?

Hapa nitoke kidogo maana najua kuna wengine wanasoma na wazee wao tatizo ni lingine. Marehemu mama yangu alikuwa na glaukoma, presha ya macho, hiyo inakula pembeni inabakiza katikati, anaona kama kwenye tundu la ufunguo. Kaka zangu wakachanga wakamletea TV la inchi 65, wakamkalisha mbele yake kabisa kwa mapenzi yote. Siku ya kwanza mama kakaa kimya nusu saa nzima alafu akauliza, hivi hawa wachezaji wana vichwa? Anaona goti tu, anaona mpira, mpira ukitoka kwenye katundu kake basi umepotea. Tukamrudisha kiti mpaka mlangoni, karibu mita tano, ndo uwanja wote ukaingia. Kwa hiyo mwenye shida ya pembeni usimkuzie, mrudishe nyuma. Mwenye shida ya katikati kama baba yako ndo msogeze. Kifaa kimoja mmoja anapona nacho mwingine kinamzidishia, ndo maana mi siwezi kumwambia mtu nunua hiki kabla sijajua jicho lake limeharibika wapi.

Turudi kwa mzee. Kuna kitu kinaitwa kuangalia kwa pembeni na sidhani kama kuna mtu aliwahi kumfundisha. Katikati ya jicho lake kumekufa lakini pembeni ni pazima, sasa mtu kwa mazoea anaelekeza ile ile katikati kwenye sura, na sura inapotea. Fanyeni hivi wakati wa taarifa ya habari maana mtangazaji hatikisiki sana. Mwambie aifikirie TV kama saa ya ukutani. Aangalie pale palipo saa sita, juu kabisa, asihamishe jicho, akwambie sura ya mtangazaji imetokea au bado. Alafu saa tatu. Alafu saa kumi na mbili, chini. Alafu saa tisa. Jicho lina upande wake linaoupenda, akiupata ataruka mwenyewe. Mwanzo inachosha, dakika tano tano kila siku, baada ya wiki kadhaa inakuja yenyewe. Na uwaambie wajukuu wasimshangae, utamkuta kaangalia darini ukadhani kasinzia kumbe anakuona wewe vizuri kuliko siku zote.

Sasa sebule. Hiyo TV ishusheni ukutani, sjui nani alitufundisha kutundika TV juu kama picha ya rais. Kama mna hela ya kununua kitu kimoja, basi nunueni breketi ya mkono, ile inayokunjuka ukaivuta TV ikaja mbele na kugeuka, mwiteni fundi aifunge usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Jioni ya baba mnaivuta inamfuata yeye, ye anakaa pembeni kidogo, si katikati, mita moja hivi toka kwenye kioo, nyie nyuma na upande wa pili mnaona kama kawaida. Hamna breketi, hata meza yenye magurudumu inafaa, mradi iwe imara isije ikawaangukia watoto.

Dirisha lisiwe nyuma ya TV wala likatazamane nayo. Likiwa nyuma linampiga machoni, likiwa mbele linajiona lenyewe kwenye kioo. Mchana tundikeni pazia zito, hamna basi kanga mbili zilizokunjwa, na yeye avae kapelo, ule ukingo unazuia mwanga wa juu. Usiku msizime taa zote, wekeni kataa kadogo nyuma ya TV. Kwenye menyu ya picha chagueni ile modi kali iliyoandikwa Vivid au Dynamic, sisi wengine inatuumiza macho, mwenye ukungu anaipenda.

Na miwani ya kusomea msimvalishe kwenye TV, nimewaona wengi wanakosea hapo. Ile ya plus tatu inaona sentimita 33 tu, kwenye mita moja ni maji matupu. Ila sikiliza, mtu aliyewekewa lenzi ya bandia lile jicho halijirekebishi tena kwa karibu, kama lenzi ilipangwa kwa mbali basi akikaa mita moja atahitaji kitu kama plus moja, akikaa sentimita 75 plus moja na robo au na nusu. Hiyo miwani ni rahisi, muipate kwa kipimo, msiokote tu barabarani.

Simu nayo isidharauliwe. Simu ya inchi sita na nusu ukiishika sentimita 25 toka jichoni, picha yake ni kubwa sawa na ya TV yenu ukikaa mita moja na robo. Kwa hapo sasa ndo miwani ya kusomea inafanya kazi, ila kwa sentimita 25 iwe kama plus nne. Siku watoto wameng'ang'ania katuni, mzee anaweza kuangalizia mpira kwenye simu iliyowekwa kwenye stendi, ila isiwe ndo njia ya kumhamishia chumbani, umenielewa.

Mpira ukiwa redioni pia, zimeni sauti ya TV mfungulie redio yake pale pale sebuleni. Mtangazaji wa TV anajua unaona, anakwambia "anajaribuuu" basi, wa redio anakwambia mpira uko wapi, kaupiga nani, kwa mguu gani. Kuna kasoro moja, picha ya king'amuzi inachelewa sekunde kadhaa, redio inawahi, kwa hiyo babu atajua goli kabla yenu. Mwacheni afaidi. Tamthilia za Kituruki mtafutieni zile zilizowekewa sauti za Kiswahili, si zile za maandishi chini, na zile filamu za kutafsiriwa ambazo jamaa anasimulia kila kinachotokea mpaka mlango ukifunguliwa, watu wanazicheka lakini kwa mtu asiyeona vizuri ni neema. Rimoti, kwenye namba 5 mara nyingi pana kidoti cha kupapasa, kitufe cha kuwashia mtilie tone la rangi ya kucha ikauke iwe nundu, ya rangi kali.

Haya, wale watu wadogo wa kanzu. Mwanangu, baba yako hana jini na akili yake haijaruka. Jicho likipunguza picha linazopeleka kwenye ubongo, ubongo unajitengenezea zake, maua, nakshi, watu, wanyama, na kawaida hazina sauti. Mswisi mmoja Charles Bonnet aliliandika jambo hili mwaka 1760, aliyekuwa anaona hivo ni babu yake mwenyewe, mzee ana akili timamu ila macho mabovu, anaona watu na ndege na majengo yasiyokuwepo, na mpaka leo hali hiyo inaitwa kwa jina la Bonnet. Huwa wanakuja zaidi mtu akiwa peke yake, katulia, kwenye kigizagiza. Sasa jiulize, ni nani amekaa chumbani siku nne na taa kazima? Mwambie aamke awashe taa, au ahamishe macho kushoto kulia mara kadhaa, wengine wanatoweka hapo hapo. Na mwambie wazi kwamba ni jicho, maana wazee wengi wanaficha wakiogopa kuitwa wendawazimu, huyu kamwamini mjukuu, msimfanye ajute. Kama wataanza kumsemesha, au anaanza kuchanganya siku na majina ya watu, hiyo ni habari nyingine, mwambieni daktari.

Najua hataki hospitali, ila lazima arudi mara moja na sababu ninayo. Aliona vizuri miezi kadhaa baada ya upasuaji alafu ukungu ukarudi, wakati mwingine nyuma ya ile lenzi ya bandia kunaota utando, huo unaondolewa kwa leza dakika chache tu. Inawezekana ana vyote viwili, retina na utando, kwa hiyo waulizeni moja kwa moja, utando upo au haupo. Jambo la pili, kuchakaa kwa retina kuko kwa aina mbili, ipo inayokwenda polepole na ipo inayovuja damu, hiyo ya pili inaharibu haraka na ina sindano zake za jicho. Mpimeni nyumbani kwa nondo za dirisha, afunge jicho moja aangalie grili, alafu jingine, siku akisema nondo zimepinda kuliko zilivyokuwa, au doa limekua ghafla, msisubiri wiki, mpelekeni siku ile ile.

Na yule daktari, miwani ya kawaida kweli haimsaidii, hapo hakudanganya, lakini kumwambia mtu nenda nyumbani bila kumwelekeza kliniki ya uoni hafifu, mi hilo silipendi. Anzeni hospitali ya Bombo hapo hapo Tanga mwombe rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi au CCBRT Dar, mkifika semeni neno hilo hilo, uoni hafifu, siyo macho tu. Huko anaweza kujaribishwa darubini mbali mbali akiwa amekaa mbele ya mtaalamu, ndo hapo hela ya kaka yako ipate kazi. Mwambie asinunue kitu kwanza, atume nauli.

Alafu kile kigoda kirudisheni jikoni kikakae na mbuzi ya nazi. Mtafutieni mzee kiti chenye mikono na mto wa kuegemea, dakika 90 si mchezo, na mkiweke kabisa mahali pake kabla hajatoka chumbani, akikuta kipo hatoulizia.